Kamba za Shangazi Juu ya Mto wa Mikoko

Siku zile za vijiji vya ujamaa nilijiona mimi ndiye mimi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili Dar es Salaam, ofisi ya ujenzi, nikichora madaraja, nikarudi kwetu Mafia nikitembea kifua mbele.

Kijiji chetu kipya kilikuwa upande mmoja wa mto wa mikoko, zahanati upande wa pili. Maji yakijaa, unavuka kwa mtumbwi. Yakipwa kabisa, unavuka kwa miguu. Katikati ya hapo ni tope tupu, mtumbwi haupiti wala mtu hapiti. Dada yangu alimpoteza mtoto wake wa kwanza humo, uchungu umemshika, mtumbwi umekwama, na zahanati anaiona kwa macho. Sasa alikuwa mja mzito tena, mwezi wa tisa, nami nikaapa: huyu hazaliwi topeni, wallahi.

Nilichora nguzo mbili ndefu, moja kila ukingo, na kutoka vichwani mwake kamba zikishuka mshazari kushika njia ya mbao. Waya za chuma tuliziomba bara, hazikuja. Basi shangazi yangu na wenzake wakasokota kamba za makumbi ya nazi, nene kama kifundo cha mkono.

"Kamba mpya hutundikwa mawe siku saba kwanza," shangazi akaniambia. "Ikishanyooka ndiyo uifunge."

"Shangazi, haya mimi nimeyasomea."

"Haya, baba. Asiyesikia la mkuu..." Hakumalizia.

Nikafunga. Kesho yake, maji yamejaa, watu kumi wakapanda, mwenyekiti wa kijiji mbele na viatu vyake vya Ijumaa. Lo! Kamba zikarefuka, daraja likashuka taratibu, mwenyekiti akajikuta majini hadi magotini, mkono bado anatupungia. Kijiji kizima kilicheka. Nilitupa nyundo mtoni nikaondoka nikizitukana mbao.

Jioni nikaenda kwa shangazi. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi au kuomba mawe?"

"Vyote viwili."

Tukafungua kila kamba, tukazitundika minazini na magunia ya mawe. Siku saba hizo nilizihesabu moja moja. Kila dada aliposhika kiuno, nilikimbia kuzipima kamba. Ubishi wangu ndio uliokula siku zake.

Siku ya saba, adhuhuri, tukafunga upya. Bado nakaza fundo la mwisho, wanawake wakamleta dada. Uchungu umeanza, na maji ni yale yale ya nusu, tope tupu. Shangazi akatangulia, akirukaruka kwenye mbao makusudi ili nione. Daraja likatikisika, likatulia.

Katikati dada akasimama. Nikapiga kelele, "Pita, we! Unangoja nini?"

"Nyamaza," akasema, mkono tumboni, anatazama tope chini. "Namwombea dua mkubwa wake."

Tukainua mikono sote. Kisha akatembea kwa miguu yake mpaka ng'ambo, na kabla ya magharibi mpwa wangu alikuwa ameshazaliwa, mzima.