Jinsi kikundi cha viazi Mau Narok kilivyopitisha game yangu kwa kura

Wakuu, niaje. Niko kwa cyber hapa Nakuru na nimelipia nusu saa, kwa hivyo nitaenda mbio. Sitaongeza chumvi. Mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Mimi ni wa Mau Narok. Form four nilipata alama za kunyamazia, lakini mwandiko wangu ni msafi. Ndiyo maana kikundi cha wakulima wa viazi kilinifanya katibu. Mathe wangu ndiye chairlady. Wanachama ni kumi na wanne, wote akina mama, isipokuwa Mzee Kamau, aliyeingia kwa sababu mke wake alichoka kuhudhuria.

Mwaka jana, 2007, nilimtembelea auntie yangu Section 58, hapa Nakuru, nikaona vijana kwa cyber wakicheza game ya magari. Nilisimama nyuma yao mpaka nikafukuzwa.

Kesho yake nikarudi, nikasoma kwa internet kwamba game haianzi na computer. Inaanza na design document. Unaandika kila kitu kwa karatasi: wahusika, level, sheria, namna ya kufa.

Karatasi, wakuu! Hiyo nilikuwa nayo.

Ilikuwa counter book ya kikundi. Mbele kulikuwa na minutes za mikutano. Nikaigeuza, nikaanza game kwa nyuma. Nilijiambia kabla hizo mbili zikutane katikati nitakuwa nimenunua yangu.

Game iliitwa Lumbesa. Kama wewe si wa huku, lumbesa ni lile gunia broker anakulazimisha ulijaze mpaka lipite mdomo, halafu analishonea kichwa juu na kusema bado ni gunia moja. Mchezaji anatoa gunia lake shambani hadi Nakuru bila kushonewa kichwa. Njiani kuna matope, baridi ya kuchoma mimea, na nungunungu. Adui wa mwisho ni broker mwenye miguu minne.

Wahusika nikawachukua wanachama wenyewe, si ndio watu nawajua.

"Mama Chebet. Speed ndogo. Akikasirika anarusha jembe. Maisha mawili."

"Mzee Kamau. Analala kila dakika tatu. Ukimgusa anaamka akipiga."

Niliandika kwa upendo, kweli.

Sasa, kikundi kilikuwa kimeomba kujengewa store ya mbegu. Tulikuwa tunaziweka chini ya vitanda, na msimu huo nyingi zilioza. Bila store, kuna nyumba hazingepanda kabisa. Ofisa wa serikali anayesimamia vikundi akaja kukagua vitabu kabla ya kupeleka ombi letu.

Tukakaa nje kwetu, chai ikamiminwa. Ofisa akachukua kitabu, akakifungua kwa nyuma.

Akasoma kwa sauti, pole pole, kama barua ya kortini: "Mweka hazina akianguka mtoni, atarudi mwanzo bila viatu."



Mama Wambui, ambaye ndiye mweka hazina, akaangalia miguu yake.

"Hii ni sheria ya kikundi?" ofisa akauliza.

"Ni game, boss. Ya computer."

"Computer iko wapi?"

"Bado."

Mathe akafunika uso na leso.

Nikasema basi nitararua hizo kurasa. Ofisa akakataa kabisa. Kurasa zote zilikuwa na namba, na ni mimi nilikuwa nimeziandika kwa amri ya ofisi yake. Ukurasa ukikosekana, ofisini watasema kikundi kinaficha kitu na ombi linakufa hapo hapo. Na kitabu chenye maandishi ambayo mkutano haukupitisha pia hakipokelewi.

"Sasa tufanye nini?" mathe akauliza.

Ofisa akanywa chai, akafikiria. "Pitisheni."

Wakuu, tulikaa kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi tukipitisha game. Kila level mmoja apendekeze, mwingine aunge mkono. Level ya kwanza, Matope, ilipendekezwa na Mama Wambui na kuungwa mkono na Mzee Kamau. Alikuwa amelala. Mkono wake uliinuliwa na jirani.

Shida ikaanza kwa maisha.

"Kwa nini mimi niko na mawili na Wambui matatu?" Mama Chebet akauliza. "Nimekukosea nini, kijana? Si ni mimi nilikubeba hadi hospitali ukiwa na surua?"

"Ni balance ya game, mama."

"Balance gani? Ongeza."

"Akiongezwa," Mama Wambui akaruka, "na mimi nipewe viatu!"

Tukapiga kura. Mama Chebet akapata maisha matano, Mama Wambui akapata gumboots. Mtu akasema nungunungu hatembei mchana, nikabadilisha level nzima kuwa usiku.

Wakauliza broker wa miguu minne anashindwa vipi. Nikasema unamrukia kichwani mara tatu.

Wote wakakataa.

"Huyo humshindi peke yako," mathe akasema. Alikuwa hajaongea kuhusu game tangu tuanze. "Anashindwa siku ile wote wamekataa kushonewa kichwa pamoja."

Mikono yote ikainuka. Hata wa Mzee Kamau, na safari hii alikuwa macho. Ofisa naye akainua wake, akakumbuka yeye ni nani, akaushusha.

Muhuri ukapigwa, akaondoka na kitabu. Copy sikuwa nayo.

Store ilijengwa. Kitabu hakikurudi. Kila nikiuliza naambiwa kiko kwa file.

Halafu mwanzo wa mwaka huu, baada ya uchaguzi, mnajua vita vilivyotukuta huku. Kikundi kilitawanyika. Mimi na mathe tulikuja kwa auntie. Mama Wambui alikuwa kwa hema hapa Nakuru. Mama Chebet alienda kwa kaka yake mbali, na hawa wawili, majirani wa miaka mingi, hawakuwa wameongea tangu siku tulipokimbia.

Tulimtembelea Mama Wambui. Akaniuliza, "Katibu, ile game ilifika wapi?"

"Ilipotea, mama."

"Haijapotea. Toa kalamu."

Akanitajia level nne mfululizo bila kuruka hata nungunungu. Ya tano ikamshinda. "Hiyo ni ya Chebet. Mpigie."

Mathe akapiga, akaweka loudspeaker. Mama Chebet aliposikia ni nani yuko hapo, hakutoa hata salamu. Akasema tu, "Level ya tano niko na maisha saba."

"Matano!" Mama Wambui akapiga kelele. "Tulipiga kura!"

"Saba, Wambui! Wewe baki na gumboots zako!"

Waligombana mpaka credit ikaisha. Mama Wambui akabaki ameishika hiyo simu, machozi yakimtoka, na anacheka.

"Andika saba," akaniambia.

Nimeandika saba.

Nilichojifunza: nunua daftari lako. Na ukiandika watu, waandike vile hata wakisomewa mbele ya ofisa watataka kubaki ndani.

Computer bado sina. Mwenye anajua kuchora ama ku-program, ama amewahi kushonewa kichwa cha gunia, aseme hapa chini. Lakini ukitaka kubadilisha kitu, kuja na mtu wa kukuunga mkono.