Uso Wangu Kwenye Simu za Watu

Kuna picha yangu ambayo huenda hata wewe umewahi kumtumia mtu. Jicho moja limefumba, mdomo umepinda, machozi na kamasi vimekutana kidevuni. Watu huituma timu ikifungwa, mvua ikinyesha siku ya harusi, mke akirudi kwao. Ilishavuka Sirari ikaingia Kenya. Siku moja nililetewa na mtu wa Kahama niliyekuwa napatana naye bei ya baiskeli. Hakujua kwamba anamtumia mwenyewe. Nilimwambia baiskeli siitaki tena.

Mambo yalianzia Nyakunguru, miaka ile kila mwenye mikono alipokuwa anakimbilia dhahabu. Mimi nilitoka Robanda, nimechoka kulima mahindi ya kulisha tembo, nikajiunga na vijana wachache kwenye duara moja. Duara ndilo shimo lenyewe, jembamba na refu kwenda chini. Unashushwa kwa kamba, na ukiwa huko unaomba walio juu wakukumbuke. Mkubwa wetu alikuwa jamaa wa Singida, kifua kipana na mdomo usiojua kupumzika, na ndiye aliyeshika kamba. Rafiki yangu wa karibu alikuwa kijana wa Nyansurura, mtoto wa mfugaji. Tulilala turubai moja na kugawana sabuni.

Duara lile lilikuwa na sheria yake. Asubuhi, kabla mtu hajafungwa kamba, lazima atukanwe kwanza. Atatukaniwa miguu yake, kijiji chake, mchumba wake, hata namna anavyotafuna. Ukicheka, unashuka. Ukinuna, unabaki juu siku hiyo, na mawe yakigawanywa wewe huna fungu. Jamaa wa Singida alisema mtu mwenye hasira akifika chini anapiga mwamba bila kuusikiliza, na mwamba usiposikilizwa unafukia wote, aliyenuna na asiyenuna. Sidhani kama alikosea. Basi nilijifunza kucheka. Nilifika mahali ukimtukana marehemu baba yangu, meno yanatoka nje kabla sijaelewa umesema nini.

Duara lilipojaa maji tukatawanyika. Wengine walibaki hapohapo Nyakunguru kwenye mashimo mengine, mimi nikarudi Robanda, na rafiki yangu akawa anaenda na kurudi kwao. Jamaa wa Singida akafungua grupu kwenye simu ili tusipotezane. Sheria ya duara ikahamia humo. Kila asubuhi mtu mmoja alichaguliwa, akatukanwa mpaka acheke, ndipo salamu zikaendelea. Huyu anatuma voisi akiwa karibu na karasha linalosaga mawe, husikii kitu ila mngurumo na neno moja la tusi mwishoni. Yule anapiga picha ugali wake na dagaa, anauliza nani amekula vizuri kumzidi. Nilipougua malaria, matusi yalijaa simu hadi mama akauliza watu hao nimewakosea nini. Nikamwambia ndivyo wanavyoniombea.

Nisiseme uongo, niliwapenda. Mtu anayekaa peke yake kwenye dungu kulinda shamba anahitaji sauti za watu, hata kama zinamsema vibaya. Bando likiisha nilijisikia yatima.

Rafiki yangu wa Nyansurura alikuwa na dada. Nilimwona nilipokwenda kwao naye baada ya msimu, akatuletea maziwa ya mgando, akaniuliza mbele ya watu wote kwa nini nimeacha shamba nikaenda kujifukia. Nilitoa utani, hakucheka. Aliniangalia tu, akingoja jibu. Nikalazimika kufikiri na kumjibu kama mtu mzima, na tangu siku ile nikawa namtaka. Tulizungumza kwa simu karibu mwaka. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyomtaka yule binti, hata dhahabu sikuitaka hivyo. Mzee wake akakubali tufike baada ya mavuno tuzungumze mahari. Mahindi yangu ya mwaka ule ndiyo yangekuwa ng'ombe.

Kwa hiyo nisingekubali tembo wayaguse. Nilichanganya mavi ya ng'ombe na pilipili kichaa iliyotwangwa, nikafinyanga matofali, nikayaanika. Ukiyachoma pembezoni mwa shamba moshi wake tembo hausogelei. Alasiri moja nikawasha tofali moja kulijaribu. Upepo ukageuka, moshi wote ukanivaa usoni. Nilipoweza kufumbua jicho moja nikajipiga picha, moshi unafuka nyuma yangu, nikaituma kwenye grupu na voisi juu yake. Nilisema, "Jamani, oneni dawa. Kama mimi wa pua hii nalia hivi, yule wa pua ya mita mbili atakuwaje?"

Walicheka kweli. Halafu jamaa wa Singida akakaa chini akaikata ile picha. Akaondoa moshi, akaondoa tofali, akaondoa na mahindi. Akabakiza sura peke yake, akaifanya stika.

Huku kwetu mwanaume akishatoka jandoni halii hadharani. Akilia, atasimuliwa mpaka wajukuu zake waone haya. Jamaa wa Singida hakulijua hilo, kwake ilikuwa mzaha kama mizaha mingine. Kijana wa Nyansurura alilijua vizuri sana, na yeye ndiye aliyeituma kuliko wote. Mwamba umegoma, anatuma sura yangu. Simu imeisha chaji, sura yangu. Mtu anaaga kwenda kuoga, sura yangu inamsindikiza.

Niliwaomba waache. Wakanijibu kwa kuipanga sura yangu kutoka juu ya kioo hadi chini. Nikalefti. Kabla sijaweka simu mfukoni nilikuwa nimesharudishwa, na jamaa wa Singida ananikaribisha, "Karibu nyumbani, mama mkwe." Nikalefti tena kesho yake, wakanirudisha tena, safari hii wakaanzisha wimbo. Nilikasirika kweli. Halafu, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kukaa na watu wale, nikacheka nao.

Nilipoanza kuiona kwenye simu za watu nisiowafahamu nilikwenda Mugumu kwa mzee mmoja muuza simu, mtu wa kanzu safi ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na bidhaa. Nilimwamkia, nikamwomba aifute picha yangu huko iliko. Alivua miwani, akaniangalia kwa huruma ambayo hadi leo inaniudhi.

"Mwanangu, kwenye simu yako nitaifuta," alisema. "Kwenye simu za watu siwezi. Hiyo sura si yako tena."

Nilipotoka kwake nikapitia mnadani kuangalia bei za ng'ombe. Mnunuzi mmoja kutoka ng'ambo ya Sirari akanishika bega, akawaita wenzake. "Cheki, si huyu ndio ule msee wa machozi? Hebu lia kidogo, boss, tuone." Wakanizunguka. Nikacheka, nikawapa mkono mmoja mmoja, nikaondoka kama mtu anayewahi mahali.

Mahindi yalipona. Tembo walipita jirani, wakala kwa watu wengine. Nilivuna, nikapata ng'ombe, nikanunua shati jipya, nikamchukua baba mdogo tukaenda Nyansurura.

Walikuwa wamekaa uani wakitungoja, mzee kwenye kigoda, wanawe pembeni yake, majirani wachache wazee. Rafiki yangu alikuwepo, amevaa vizuri, simu mkononi. Nilifurahi kumwona. Nilijua nina mtu wangu upande wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee alinyoosha mkono, mwanawe mkubwa akamwekea simu kiganjani, naye akanigeuzia kioo. "Mura, kijana wangu, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Alikufa nani?"

"Hakufa mtu. Nilikuwa nachoma pilipili, nafukuza tembo. Moshi ulinirudia."

Mzee aliiangalia tena ile picha kwa mbali, mkono ameunyoosha. "Sioni moshi hapa. Naona mtu analia."

Nikamtazama rafiki yangu. Picha nzima alikuwa nayo, na voisi yangu alikuwa nayo, vyote kwenye simu aliyoishika. Nilihitaji aseme maneno matatu tu, kwamba baba, ni kweli. Kila mtu uani akamgeukia. Alikohoa kidogo, akaniangalia kwa lile jicho la asubuhi za Nyakunguru, jicho la mtu anayekufunga kamba.

"Baba, huyu alikuwa anawabembeleza tembo," alisema. "Alikuwa anawaomba wamwachie hata magunzi."

Ua wote uliangua kicheko. Wazee walicheka hadi wakashika magoti. Na mimi nikacheka. Baba mdogo aligeuka akaniangalia, mimi meno yako nje.

Kaka mkubwa ndiye aliyetoa wazo. Kama ni pilipili, iletwe pilipili tuone. Mzee aliinua kidevu tu. Wakaleta kigae cha moto kutoka jikoni, wakamwagia pilipili kichaa konzi nzima, wakakiweka katikati ya ua upande unakotoka upepo.

"Simama hapo," aliniambia rafiki yangu.

Baba mdogo alinishika shati kwa nyuma. "Twende nyumbani," alisema, tena kwa sauti ya kawaida, hakunong'ona. Nikautoa mkono wake, nikaenda kusimama. Nilijiambia kwamba ukweli ukionekana nitampata binti, na nilijiambia hivyo kwa moyo wote. Lakini nadhani hata bila binti ningesimama. Jamaa wa duara akikuambia simama, unasimama.

Moshi ulinikamata kooni kwanza, halafu machoni. Mbuzi waliruka ua. Wazee walihamisha vigoda huku wakipiga chafya, watoto wakakimbia. Mimi nilibaki pale, mikono imenyooka kando ya mapaja, machozi yanalowesha shati jipya. Nilisikia wakicheka na kukohoa kwa pamoja. Kwa jicho lililokuwa bado linaona niliona simu zimeinuliwa, na ya rafiki yangu ikiwa karibu kuliko zote.

Hatimaye mzee akainua mkono. Yeye mwenyewe alikuwa anajifuta macho kwa kiganja.

"Basi, toeni hicho kitu," alisema. "Ni pilipili. Kijana hakusema uongo, na mtu asimwite tena mwenye kulia hapa kwangu. Mwiteni binti aseme mwenyewe."

Furaha niliyoipata dakika ile sijui niielezeje. Niliona yote yamelipwa, grupu, mnada, mzee wa simu na huruma yake. Nilitaka kumkumbatia hata kaka mkubwa.

Binti hakuhitaji kuitwa mbali. Alikuwa mlangoni mwa jiko, na inaonekana alikuwa pale muda wote. Alikuja akasimama mbele yangu. Kamasi zilikuwa bado zinanitoka, nikazifuta kwa mkono wa shati.

"Nilimsikia baba yako mdogo akikuambia muondoke," alisema.

"Nilitaka wajue sikusema uongo."

"Mimi nilijua. Uliniambia ni moshi, nikaamini siku hiyohiyo. Kaka zangu wakinionyesha ile picha kila wanapokula, nilikuwa nanyamaza, nasema ngoja atakuja mwenyewe awakomeshe." Hakuwa amekasirika. Alizungumza taratibu, kama siku ile aliyoniuliza habari za shamba. "Umekuja, ukacheka."

"Nimevumilia kwa ajili yako."

"Sikukuomba hilo."

Akamgeukia mzee wake. "Baba, huyu hapana. Siku moja watamwambia anipige ili wacheke, naye atanipiga."

Nilisema kwamba si kweli. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya wote, na nikarudia. Yeye alikuwa ameshaingia ndani. Mzee alikaa akitazama jivu la pilipili, kisha akamwambia baba mdogo kwamba chakula kipo, kama tutapenda kula kabla ya safari. Baba mdogo alishukuru, akachukua fimbo yake.

Tukaondoka. Hatujafika barabara kubwa, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Rafiki yangu alikuwa ameshaituma video kwenye grupu, nzima, kuanzia kigae hadi mkono wa shati. Ilikuwa imekatwa pale binti alipoanza kusema. Chini yake watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko, mmoja baada ya mwingine, na jamaa wa Singida ameweka voisi, karasha linanguruma nyuma yake.

"Mume wa watu, tupe taarifa. Umepewa au umenyimwa?"

Wengine wakaitikia wanangoja. Niliona wanaandika, wanaacha, wanaandika tena. Nikamwambia baba mdogo atangulie, nitamfuata. Alinitazama, akaitazama simu, akaenda zake bila kugeuka. Macho yalikuwa bado yananiwasha, nikayapangusa ili nione herufi. Nikasimama kando ya barabara, nikaanza kutafuta maneno ya kuwachekesha.