Mkate wa Goti la Koko

Enzi zetu pale Goma, aliyejua maneno ishirini ya Kiingereza alitembea kifua mbele. Tulikianza sekondari, kwa chaki na daftari moja, na mwalimu mwenyewe alikitamka kwa lafudhi ya Kifaransa. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na nilihakikisha mtaa mzima unajua. Jioni tukiruka kamba juu ya mawe meusi ya volkano, nilihesabu kwa Kiingereza, wenzangu wakanuna kwa sababu hawakujua tumefika ngapi.

Basi Koko, mama mzaa baba, akashuka kutoka Kibumba na kabichi zake na goti lililovimba. Halikumruhusu tena hata kupiga magoti kanisani. Kwenye zahanati ya mtaa wetu alikuwepo daktari mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, na siku hiyo mkalimani wake hakufika. Baba akanisukuma mbele.

"Huyu mutoto anajua Anglais muzuri!"

Daktari akaongea. Sikuambulia kitu. Akaona nimekwama, akaandika neno moja kwenye karatasi: *pain*. Moyo ukatulia. Neno hilo nililijua tangu shule ya msingi. Kwa Kifaransa ni mkate.

"Koko, anauliza kama uko na mukate."

Koko akanikodolea macho. "Mukate? Umwambie haiko. Tangu juzi tunakula viazi tu."

"No pain," nikatangaza kwa fahari.

Daktari akatabasamu, akampapasa Koko begani, akarudisha dawa kabatini. Koko akaanza kujikokota kwenda mlangoni, meno ameyauma. Muuguzi aliyechungulia karatasi ile ndiye aliyetuokoa.

"We mutoto! Kwa Anglais ile ni maumivu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Koko alirudishwa, akapata dawa, na njia nzima alicheka mpaka akasahau kuchechemea. Tangu hapo, kila asubuhi ya baridi alisema, "Leo mukate iko mingi," na nyumba nzima ilielewa.

Watoto wangu hawajui aibu ya namna hiyo. Wanaiuliza simu, inawajibu sawasawa, na kabla chai haijapoa neno wamelisahau. Siwalaumu sana.

Juzi niliinuka kitini, goti likalia, mdomo ukasema wenyewe, "Leo mukate iko mingi." Binti yangu akaenda jikoni, akaniletea kipande na siagi. Nikakila chote bila kumsahihisha, hamu ya Koko imenijaa.