Mbwa Mrefu Bado ni Mtoto

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mwaka 2012, Kamanda alipoketi katikati ya barabara ya Kakuma akakataa kuinuka. Kamanda alikuwa mbwa wangu, wa ile mbegu kubwa ya kigeni. Nilimtoa Lodwar akiwa mchanga kwa sababu fisi walikuwa wananimalizia mbuzi, na mbuzi ndio walionilishia watoto.

Basi nilitaka awe jitu upesi. Si unajua kwetu mnyama mnono ndiyo sifa ya mwenyewe? Nikamjaza maziwa ya ngamia, uji, samaki wa ziwani Kalokol, na unga wa mifupa nilioutwanga mwenyewe, bingwa mimi! Kila alfajiri nilipanda pikipiki, yeye akikimbia nyuma. Majirani walisifu, kichwa kikanivimba. Na Kamanda hata mwaka hajatimiza.

Siku hiyo nilimrudisha nyumbani mapajani, miguu ya mbele imepinda, anahema vibaya. Ata, yaani nyanya yangu aliyenilea, alitupokea mlangoni. Kisha akachukua bakuli la mbwa lililojaa maziwa, akanywa yote, akajipangusa mdomo.

"Ata! Hayo ni ya mbwa!"

"Mbwa gani? Huyu umemnenepesha mpaka mifupa inalia. Ndama wa ngamia humpakii mzigo hata akikupita kimo. Huyu umempakia mwili wake mwenyewe, halafu unamkimbiza. Hiyo ni ejok, ni vizuri kweli?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura livunjike la mbwa kwa niaba yangu. Ata hakunipa nafasi ya kubisha. Tukapanda lori hadi Lodwar. Daktari wa mifugo akamkunja na kumkunjua viungo, akasikiliza moyo wake kwa muda mrefu hadi wangu ukataka kusimama.

"Moyo ni mzima," akasema. "Miguu yaweza kunyooka. Mpunguzie chakula, na huo unga wa mifupa uache kabisa, ukizidi hupinda mifupa inayokua."

Nikatii. Kamanda akawa mwembamba, majirani wakacheka eti namnyima. Wacha wacheke! Alicheza kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, akichoka analala. Asubuhi moja ya 2013 tulikuta nyayo za fisi zimezunguka zizi, zikageuka zilikotoka. Kamanda alikuwa amesimama mlangoni, miguu imenyooka, na mbuzi hakukosekana hata mmoja. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo, mwanangu, huyo mtoto wa mbwa uliyemleta jana usimharakishe. Ukipitisha mkono ubavuni, mbavu uziguse bila kuzitafuta. Mpe chakula kidogo kidogo, usimkimbize barabarani wala kumwacha aruke kutoka kwenye gari mpaka akomae, na hiyo ni zaidi ya mwaka. Uliza wazazi wake walitembeaje, maana miguu mibovu hurithiwa, na moyo wake usikilizwe na anayejua.

Mungu akunyeshee mvua, zizi lako lijae, na akupe mtu wa kukukemea ungali na muda wa kurekebisha. Mimi nilipewa, nami nashukuru hadi leo.