Mume Wangu Alinitongoza Bila Kunijua

Barua hii imetujia kwa treni kutoka upande wa Dodoma. Mwenyewe ameomba tulifiche jina lake na la mumewe, nasi tumeyaficha. Ninyi mnaosomewa gazeti hili barazani, msikilizeni mpaka mwisho kabla ya kumsema.

Salaam, ndugu wasomaji. Mimi ni mwanamke wa Kigogo, mkulima wa huku Mlali, umri wangu yapata miaka arobaini. Kuandika sijui vizuri, mwalimu wa misheni ananisaidia, na naona aibu kwa haya ninayomwambia aandike. Mkinisema nitavumilia, maana nimekosa.

Mume wangu alikuwa mnyapara wa vibarua wa reli pale Dodoma. Mtu wa nguvu, kichwani hana hata mvi. Akaanza kusahau. Kwanza majina ya watu wake, kisha njia ya kurudi kambini. Mzungu wake alidhani ni pombe, akamchapa viboko mbele ya vibarua, na pombe mume wangu haonji. Aliporudishwa nyumbani, shemeji yangu alisema karogwa, tukahangaika kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha. Akawa anapotelea porini. Siku shemeji alipoleta kamba ili tumfunge, nilikataa, nikampeleka misheni, kwenye nyumba wanakotunzwa vipofu na watu wasio na kwao. Majirani walisema nimemtupa. Waliosema hivyo hakuna hata mmoja aliyewahi kumtafuta porini pamoja nami.

Nilikuwa nakwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Siku moja nikakuta hanijui. Nikamwambia, "Mimi ni mkeo." Akanitazama, akaanza kutetemeka, akajifunika shuka usoni kama mtoto aliyevunja chungu. Mama anayewatunza pale alinivuta pembeni. "Usimlazimishe, mwenzangu," akasema. "Anaona aibu, anajua kuna kitu kimempotea."

Niliporudi tena alikuwa mchangamfu. Akaniuliza, "Dada, chakula hicho umemletea nani?" Nikamjibu, "Yeyote mwenye njaa." Akacheka. Katika ndoa yetu yote sikumbuki kama niliwahi kumchekesha. Akaniuliza jina, nikasema naitwa Nyemo, uongo mtupu. Kisha akaniuliza ukoo wangu na mzio wetu, yaani kitu ambacho ukoo wetu hauli. Kwetu mwanaume anayemtaka mwanamke huanza na hayo, asije akaposa ndugu yake. Nilijua anakoelekea. Pale ndipo ningesema kweli, lakini nikataja ukoo usio wangu.

Ndugu zangu, mume wangu akanitongoza. Chekeni tu, hata mwalimu hapa anauma midomo. Mume niliyemzoea mimi alikuwa mtu wa "chakula kiko wapi" na "nyamaza." Huyu wa misheni alinisogezea kigoda kivulini, akaniuliza kama miguu imechoka, akanibakizia maziwa yake. Alisema atamtuma kaka yake kwa baba yangu na ng'ombe. Nikamtania, "Hao ng'ombe wako watatosha?" Baba yangu alishawapokea ng'ombe hao zamani, na wengine tulishawala. Nikaanza kujipaka samli na kuvaa shanga, mwanamke mzima mwenye mkwe, nakwenda kwa mume wangu mwenyewe kama ninayekwenda kuiba. Raha niliipata, sitawaficha. Njiani kurudi nilikuwa najiuliza penzi hili ni la nani, kwa kuwa mimi halikuwahi kunifikia.

Halafu siku moja hakula nilichomletea. Akaniambia, "Nyemo, usije tena. Mimi nina mke."

Nikamuuliza ni mke wa namna gani. Akasema ni msichana mwembamba, amemwacha kwa mama yake, anaogopa radi, na akitwanga huimba peke yake akidhani hasikiki. "Simwambii maneno mazuri," akasema. "Nikifika nyumbani mdomo unakuwa mzito, sijui kwa nini. Lakini nampenda, nami nimemkosea kwa ajili yako." Akalia. Msichana huyo ni mimi, kabla sijazaa. Nilikuwa nimekaa karibu naye, ningeweza kumshika mkono. Nikaogopa atajifunika shuka tena, nikaokota kibuyu changu nikaondoka.

Tangu hapo chakula anakigusa tu. Anamwambia mama mtunzaji kwamba ametenda dhambi, aitiwe mkewe amwombe radhi. Mama yule akanitumia ujumbe: mumeo anakuita. Nilikwenda bila shanga wala samli, nimejitanda kaniki kama siku zote za ndoa yangu. Nilimkuta amekaa mlangoni, amenyolewa, amevaa shuka safi. Aliponiona akasimama kwa hofu.

"Nyemo, nilikuomba usije," akasema kwa sauti ya chini. "Ondoka, dada yangu. Mke wangu anakuja leo, asikukute hapa."

Nikaondoka.

Naambiwa hadi leo anakaa mlangoni, anatazama njia, na mwili wake unazidi kukonda. Nikimwambia kweli, atatetemeka, na mara hii atajua pia kwamba nilimdanganya na kumchezea akili. Nikinyamaza, atakufa akiomba msamaha kwa kosa ambalo mwenyewe hakulitenda, kosa nililomtengenezea mimi. Na wa kumsamehe si mwingine, ni mimi. Shemeji anasema haya ndiyo malipo ya kumpeleka misheni. Ninyi mlio na waume na wake, nifundisheni bila kunionea haya: kesho nikifika pale mlangoni, nimwambie mimi ni nani?