Nimeitwa Chuo Kikuu kwa Jina la Dada Yangu Marehemu

Admin, nifiche jina, ingawa ukimaliza kusoma utaona hata mimi sijui ni lipi la kufichwa. Kwa karatasi nina miaka ishirini na moja. Kwa mama aliyenizaa nina kumi na tisa. Mimi ni msichana wa Kulesa, karibu na Garsen, mtoto wa wakulima wa kando ya mto Tana, na wiki tatu kutoka leo natakiwa niripoti chuo kikuu kikubwa cha Nairobi kusomea uuguzi. Watu wananipongeza njiani. Nashukuru, nacheka, halafu nikifika nyumbani nalia.

Hapa nitatumia majina ya kuazima: mimi Dorkasi, dada yangu Agneta. Agneta alifariki kwa homa akiwa na miaka mitatu, mimi nikiwa bado nanyonya. Simkumbuki hata sura. Yeye alizaliwa hospitali, kwa hivyo alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Mimi nilizaliwa nyumbani, nyanya akanipokea, na hakuna aliyehangaika kunitafutia cheti.

Nilipokuwa darasa la sita mto ulifurika. Ulibeba nyumba, mpunga, migomba, na ule ukingo tulikomzika Agneta. Kaburi likaenda na maji. Tulipofika kwenye mahema kando ya barabara, mama alifungua mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga kiunoni. Ndani mlikuwa na Biblia na cheti cha Agneta. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha mtoto wake.

Baadaye mwalimu akataka vyeti vya kuzaliwa ili tusajiliwe kwa mtihani wa darasa la nane. Kutafuta changu kulitaka safari za kwenda na kurudi, na siku zilikuwa zimeisha. Mama akiwa shambani, baba akakitoa kile cha Agneta kwenye mfuko. "Ni karatasi tu," aliniambia. "Tutarekebisha baadaye." Admin, baadaye ya baba yangu naijua. Hata mlango wa choo tunausubiri tangu mafuriko. Mama alipojua aliifunga Biblia peke yake kwenye mfuko, na jambo hilo hakulitaja tena.

Basi nikafanya mtihani nikiwa Agneta, nikaingia sekondari nikiwa Agneta. Kwenye rejista nilikuwa yeye, uwanjani nilikuwa mimi, kwa sababu wengi tulitoka kijiji kimoja.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa nimefaulu vizuri. Mwalimu wetu mmoja aliyejua siri hii akaniita pembeni. "Dorkasi, usiombe chuo kwanza. Rekebisha jina, uombe mwaka ujao. Ukishaingia na jina hilo, hutoki." Sikumsikia. Niliogopa mwaka mzima wa kupalilia mpunga huku wenzangu wanaondoka. Siku maombi yalipofunguliwa, nilikuwa Garsen kabla saiba, lile duka la intaneti, haijafagiliwa. Kijana wa pale akanicheka, "Sista, umewahi hadi mtandao unakushangaa." Akaniuliza jina. Nikamtajia la marehemu bila hata kusita. Hilo ndilo kosa langu, na ni langu peke yangu.

Barua ya kuniita chuo inataka kitambulisho. Na kitambulisho kinataka mzazi aende kwa chifu aseme huyu ni mtoto wangu. Tulienda Jumanne, mimi, baba na mama. Chifu akasoma cheti, akamgeukia mama.

"Mama, huyu ndiye Agneta?"

Mama akakitazama kile cheti mpaka baba akakohoa.

"Huyu ni Dorkasi," akasema. "Agneta nilimzika. Hata kaburi sina la kukuonyesha."

Chifu akafunga faili polepole. "Mimi leo sikusikia kitu. Rudini nyumbani mkaelewane, mje Jumatatu."

Tulipofika nyumbani baba akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo jina langu nyumbani ni lile la barua, ili nizoee, nisije nikaumbuka huko Nairobi. Wenzangu wanajiandaa kwa kununua mashuka na ndoo. Mimi maandalizi yangu ni kufundishwa kuitika. Baba ananiita ghafla nikiwa nateka maji, na nikichelewa ananigombeza. Mama yeye aliacha kuniita kabisa. Akinihitaji alisema "wewe".

Mpaka jana mchana. Nilikuwa nje naanika mpunga, nikasikia sauti yake jikoni. "Agneta! Agneta wee!" Nikaacha kila kitu nikakimbia.

"Abee, mama."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mikono mitupu, hana kazi yoyote ya kunituma. Akaniangalia sana.

"Nimeita nione atakuja nani," akasema.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nilijiona mwizi, na niliyemwibia ni mtoto wa miaka mitatu. Mama akanifuta uso kwa leso yake.

"Jumatatu nitamwambia chifu kwamba Agneta ni wewe. Sitakuzuia kusoma. Lakini uniambie, Dorkasi, wewe nikuzike wapi?"

Ndugu zangu, msiniambie tu nirekebishe jina. Nimeuliza. Vyeti vyangu vyote vya mtihani vina jina hilo, kuvibadilisha kutachukua muda mrefu, nafasi itakuwa imepita, na hakuna anayeniahidi kwamba mwakani nitaitwa tena. Nikienda, hata nikiwa muuguzi nitavaa kifuani jina la mtoto aliyekufa kwa homa.

Leo ni Jumamosi. Keshokutwa asubuhi mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya, atajifunga leso yake nzuri aende akaseme uongo kwa ajili yangu. Nimwache aende, au nisimame mlangoni nimzuie? Niambieni nyinyi, maana kila nikijiuliza, sijui ni nani anayejibu.