Maji ya Chai Kwenye Mtungi wa Gesi

Asubuhi ya baridi kali, kwa muuza gesi hapa Joubert Park, mama mmoja Mkongo aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alitua mtungi wa hita, akautikisa.

"Nijazie, baba. Sijui imebaki kiasi gani, na mjukuu wangu ana siku nne. Hita ikizima, atapigwa na baridi."

Muuzaji alichukua maji ya moto aliyochemsha kwa ajili ya chai yake, akayamimina ubavuni mwa mtungi. "Pitisha mkono, mama. Penye baridi ndipo gesi ilipo."

Mkono ulishuka polepole, ukasimama katikati. "Kumbe! Nusu nzima!"

"Basi rudi kwa mjukuu. Utauleta ukiisha."

Kisha akanigeukia. "Na wako, dada, tuupime?"

Nilitazama kikombe chake, majani makavu matupu yakingoja maji. Nikamwambia wangu umeisha kabisa, aujaze tu, ingawa sikuwa na hakika.